Prebisch Hakusema Hayo

Vitabu vya uchumi wa maendeleo humpa Raúl Prebisch nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo umemfanya asifike na kulaumiwa kwa mambo ambayo hakuyasema. Mwanafunzi hutoka darasani na picha ya Mwargentina mmoja aliyezishawishi nchi maskini zifunge milango, zipandishe ushuru, zijenge viwanda visivyojiweza, kisha zifilisike. Picha hiyo ina kazi hadi leo. Waziri akitamka tu kwamba anataka kulinda viwanda vya ndani, hakosekani mtu wa kumwambia kuwa hayo yalijaribiwa Amerika ya Kusini, kwamba mwalimu wao alikuwa Prebisch, na matokeo kila mtu aliyaona.

Nimekusanya hapa madai yanayorudiwa zaidi juu yake. Mengine ni ya wanaomchukia, mengine ni ya wanaomtukuza, na pande zote mbili zinamsingizia. Lakini kwanza tujue tunamzungumzia nani. Alizaliwa mwaka 1901 Tucumán, kaskazini mwa Argentina, kwa baba mhamiaji wa Kijerumani na mama wa ukoo wa zamani wa upande huo wa nchi. Alisoma uchumi Buenos Aires. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni kushughulikia takwimu za chama cha wenye mashamba makubwa ya ng'ombe, yaani matajiri hasa wa nchi ile. Baadaye akaingia Wizara ya Fedha, na mwaka 1935, akiwa na miaka 34, akawa meneja mkuu wa kwanza wa Benki Kuu ya Argentina. Kuanzia 1950 hadi 1963 aliongoza CEPAL, tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Amerika ya Kusini, yenye makao Santiago, Chile. Kuanzia 1964 hadi 1969 aliongoza UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo kilichoko Geneva. Alifariki Santiago, Aprili 1986.

Kwamba ndiye aliyeiharibu Argentina

Dai hili linajibiwa kwa kalenda tu. Sera zinazotajwa ni za dola kununua nafaka ya wakulima kwa bei ya chini na kuiuza nje kwa bei ya juu, kupandisha mishahara kwa amri, na kununua reli zilizokuwa mali ya Waingereza. Hizo ni sera za Juan Perón, aliyeingia madarakani 1946 na kupinduliwa 1955. Prebisch alikuwa ameondolewa Benki Kuu na wanajeshi tangu 1943. Utawala wa Perón haukumtaka kabisa. Mwaka 1948 hata nafasi yake ya kufundisha chuo kikuu ilimponyoka, na muda si mrefu akahamia Santiago.

Aliitwa tena baada ya Perón kuanguka. Ripoti aliyoiandikia serikali mpya mwishoni mwa 1955 ilitaka peso ishushwe thamani, wakulima walipwe vizuri zaidi kwa mazao ya kuuza nje, mfumuko wa bei udhibitiwe na mitaji ya kigeni ikaribishwe. Mwandishi Arturo Jauretche alitoa kitabu kizima kuushambulia mpango huo, akidai unairudisha nchi kwenye ukoloni. Basi mtu anayesemwa leo kuwa aliwanyonga wakulima ili kulisha viwanda, wakati wake alitukanwa kwa kuwapendelea wakulima na wageni. Anayemlaumu kwa Perón hajafungua hata jarida moja la wakati ule.

Wala Argentina haikuanza kujenga viwanda kwa sababu mtaalamu fulani aliandika makala. Msukumo mkubwa ulitoka kwenye mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Bei za ngano na nyama zilianguka, na mwaka 1932, katika mkutano wa Ottawa, Uingereza iliamua kuzipendelea nchi za himaya yake kama Australia na Canada. Argentina, iliyoishi kwa kuilisha London, ikajikuta nje ya uzio. Ujumbe ukapelekwa London kuomba, na Prebisch alikuwamo. Mkataba ulisainiwa tarehe 1 Mei 1933, na vipengele vyake vinastahili kusomwa polepole. Uingereza ilikubali kutopunguza ununuzi wa nyama iliyopozwa chini ya kiwango cha 1932. Kwa upande wake, Argentina iliahidi makaa ya mawe na bidhaa nyingine za Uingereza ziendelee kuingia bila ushuru, na paundi inazopata kwa nyama zitumike Uingereza. Asilimia 85 ya mgawo wa nyama ilipitia kampuni za kigeni za machinjio, asilimia 15 tu ndiyo iliyoachiwa kampuni za wenyeji.

Kabla ya hapo Prebisch alikuwa muumini wa soko huria kama msomi yeyote wa rika lake. London alikutana na biashara ya dunia ana kwa ana: mnunuzi mmoja, muuzaji aliyebanwa, na mkataba unaoamua hata nani amchinje ng'ombe. Aliyoyaandika baadaye yanaanzia hapo, na ndiyo sababu hayana harufu ya maktaba.

Kwamba alikuwa adui wa biashara

Ripoti iliyompa jina aliiwasilisha Havana, Mei 1949, katika mkutano wa CEPAL. Wengi huitaja, wachache huisoma. Ndani yake anasema waziwazi kwamba nchi inayojenga viwanda inahitaji mashine, mashine zinanunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinatokana na kuuza nje. Kwa hiyo kuua mazao ya kuuza nje ni kuviua viwanda vyenyewe. Anaonya pia kwamba soko la nchi moja ni dogo, na kwamba kila nchi ikitaka kutengeneza kila kitu peke yake itaishia kuwa na viwanda ghali vya hasara. Kutokana na onyo hilo CEPAL ilisukuma wazo la soko la pamoja, na Februari 1960 nchi saba zikasaini mkataba wa Montevideo wa eneo huria la biashara.

Alipoona nchi zimepitiliza, alisema. Mwaka 1963, alipokuwa akiaga CEPAL, aliandika kwamba hatua rahisi ya kutengeneza nyumbani kile kilichokuwa kikiagizwa nje imefika ukingoni, na kwamba ushuru umepandishwa kiholela kupita kiasi. Mwaka uliofuata, jarida la CEPAL yenyewe lilichapisha utafiti wa Santiago Macario ulioonyesha jinsi kuta za ushuru za Amerika ya Kusini zilivyokosa mpango wowote. Ukosoaji ule ambao baadaye ungeletwa kama uvumbuzi wa wachumi wa Washington ulikwisha kuandikwa Santiago.

Kisha akaenda Geneva, akakaa miaka mitano akizidai nchi tajiri zifungue masoko yao kwa bidhaa za viwandani kutoka nchi maskini. Mfumo wa upendeleo wa ushuru tunaoujua leo ulikubaliwa kimsingi New Delhi mwaka 1968, ukaanza kutumiwa na Jumuiya ya Ulaya 1971 na Marekani 1976. Ni adui wa biashara wa namna gani huyu, anayegonga mlango miaka mitano akitaka kuuza?

Hapa, hata hivyo, mimi nina lawama yangu. Prebisch alisema ulinzi wa viwanda uwe wa muda na uwe na kipimo, lakini hakueleza unaondolewaje. Mwenye kiwanda aliyezoea kulindwa hana haraka ya kukua. Ana fedha za kumwona mbunge, ana wafanyakazi wa kuwaandamanisha, na kila mwaka atasema bado kidogo. Mtu aliyekaa wizarani na Benki Kuu muda wote ule aliyajua hayo kuliko profesa yeyote. Angeweza kuyaandika mapema, mwaka 1949, badala ya kungoja 1963.

Kwamba hesabu zake zilikanushwa

Dai hili lina uzito, na wanaolitoa mara nyingi ni watu wanaojua wanachosema. Basi tulitazame jedwali lenyewe.

Takwimu hazikuwa zake. Zilitoka katika utafiti wa Umoja wa Mataifa uliofanywa New York na Hans Singer, mchumi mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbia Wanazi na kusoma Cambridge kwa Keynes. Ndiyo maana hoja hii huitwa kwa majina yao mawili. Jedwali linalinganisha bei za mazao ghafi na bei za bidhaa za viwandani kwa kutumia rekodi za biashara ya Uingereza. Miaka ya 1876 hadi 1880 imepewa 100. Kufikia 1901 hadi 1905 namba ni 84.6. Kufikia 1921 hadi 1925 ni 67.3. Kabla tu ya Vita Kuu ya Pili, 1936 hadi 1938, ni 64.1, na baada ya vita, 1946 na 1947, imepanda kidogo tu hadi 68.7. Kwa lugha ya shambani: mkulima wa kabla tu ya vita ambaye babu yake aliuza magunia 100 kupata mashine fulani, yeye alitakiwa auze zaidi ya magunia 150 kupata thamani ile ile ya bidhaa.

Wapinzani walijibu upesi. Jacob Viner alilishambulia wazo zima katika mihadhara yake ya Rio de Janeiro mwaka 1950. Paul Ellsworth, mwaka 1956, alionyesha kwamba bei za mazao zilipimwa bandarini Uingereza, nauli ya meli ikiwa ndani yake, na nauli hizo zilishuka sana baada ya 1876. Kwa hiyo sehemu kubwa ya anguko la miaka ya mwanzo ni nafuu ya usafiri, wala si hasara ya mkulima. Wengine wakaongeza suala la ubora. Gunia la ngano la 1880 na la 1930 ni lile lile, lakini mashine ya 1930 inafanya kazi mara nyingi zaidi ya ile ya zamani, na kulinganisha bei zao moja kwa moja si haki.

Hoja zote mbili ni sahihi. Jedwali la 1949 peke yake halithibitishi kanuni ya milele, na anayelibeba kama msahafu anajitafutia aibu. Ila kazi haikuishia 1949. Mwaka 1988 Enzo Grilli na Maw Cheng Yang, wakiandika katika jarida la Benki ya Dunia, mahali ambapo hakuna anayeweza kupaita kambi ya Prebisch, walijenga mfululizo mpya wa bei za mazao 24 kuanzia 1900 hadi 1986. Walipata anguko la karibu nusu asilimia kwa mwaka. Mwaka uliofuata John Cuddington na Carlos Urzúa walijibu kwamba hakuna mteremko wa taratibu, kuna kishindo kimoja karibu na 1920, na baada ya hapo ni kupanda na kushuka. Halafu karne hii China ikaanza kununua shaba, chuma na mafuta kwa pupa, bei zikapaa kwa miaka kadhaa, na watu wakatangaza mazishi ya Prebisch. Bei zikashuka tena.

Ukiyaweka yote mezani, kinachobishaniwa ni umbo la mteremko: ngazi au mtelezo. Hakuna kati ya hao aliyeonyesha mlima. Jambo hilo si dogo, kwa sababu wachumi wa zamani, tangu Ricardo, walitarajia kinyume chake. Walisema ardhi ina mwisho, viwanda havina; kwa hiyo bei za mazao zitapanda mbele ya bei za bidhaa, na nchi za wakulima zitatajirika bila kujenga kiwanda hata kimoja. Matarajio hayo ndiyo yaliyoanguka.

Na hata hilo si kiini cha alichosema. Swali lake lilikuwa hili: tija ikiongezeka, nani anakula matunda yake? Kiwandani Detroit tija ikipanda, chama cha wafanyakazi hudai mshahara, kampuni hubakiza faida, na bei ya gari haishuki kwa kiasi kile. Shambani tija ikipanda, wakulima wote huleta mavuno zaidi mnadani siku ile ile, bei inaanguka, na anayefaidika ni mnunuzi aliye ng'ambo. Mambo yakiharibika duniani, mfanyakazi wa nchi tajiri ana chama cha kumkingia mshahara usikatwe, mkulima hana. Basi maumivu husukumwa kwake. Zaidi ya hayo, mtu akiongezewa kipato mara mbili hanywi kahawa mara mbili. Ananunua redio, kisha gari.

Sisi wa pwani hii tuna ushahidi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro yalikuwa na reli ndogo za ndani, mashine za kukamua nyuzi zilizofanya kazi bila kupumzika, na vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Hawakuzembea. Kamba ya plastiki iliingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka katikati ya muongo ule, na mashamba mengi yakamezwa na vichaka. Prebisch na Singer walikuwa wamewataja hao wageni wa maabara, nyuzi na mpira wa kutengenezwa, kama moja ya njia ambazo mazao ghafi hupoteza soko bila kosa la mkulima.

Pigo halisi dhidi ya Prebisch lilitoka kwa Singer mwenyewe. Mwaka 1991, pamoja na Prabirjit Sarkar, alionyesha kwamba hata bidhaa za viwandani zinazouzwa na nchi zinazoendelea zilipoteza thamani mbele ya bidhaa za viwandani za nchi tajiri, karibu asilimia moja kwa mwaka kati ya 1970 na 1987. Kumbe kutoka shambani kwenda kiwandani hakutoshi. Cherehani elfu moja zinazoshona fulana ile ile inayoshonwa Dhaka na Phnom Penh ziko mnadani sawa na gunia la kahawa. Prebisch alitegemea kiwanda kiwe mwokozi, na hapo alikosea. Ajabu ni kwamba wapinzani wake ni nadra kumpiga hapo.

Kwamba Korea ya Kusini imemaliza mjadala

Wanaodai hivyo husema Korea ilitajirika kwa soko huria. Haijaumaliza. Serikali ya Park Chung-hee ililinda soko la ndani, ikapiga marufuku bidhaa kadhaa za nje, ikagawa mikopo kwa amri, na ikajenga kiwanda cha chuma Pohang baada ya Benki ya Dunia kuukataa mradi. Fedha za Japani ndizo zilizousimamisha, na chuma kikaanza kutoka 1973. Wakati huohuo ililazimisha makampuni yauze nje, na yaliyoshindwa yalinyimwa mkopo. Korea inawakanusha waliojilinda bila kuuza, na hao Prebisch alikwisha kuwaonya mwaka 1963. Inamzidi kwa jambo moja tu, lile nililolilaumu juu: ilikuwa na fimbo juu ya wenye viwanda.

Kwamba alikuwa Mkomunisti, au kibaraka wa mabepari

Mwaka 1951 Marekani ilitaka CEPAL ivunjwe, na ilinusurika katika mkutano wa Mexico kwa msaada mkubwa wa Brazil ya Getúlio Vargas. Miaka ya 1960 vijana wa nadharia ya utegemezi, Andre Gunder Frank mbele yao, walimwona kama mzee anayepaka rangi nyumba inayopaswa kubomolewa. Alikuwa mwanabenki aliyetaka ubepari ufanye kazi pembezoni kama ulivyofanya kazi kwenye kitovu. Hakuna zaidi ya hapo.

Kwamba Geneva haikuzaa kitu

Mkutano wa kwanza wa UNCTAD ulianza tarehe 23 Machi 1964 na kumalizika katikati ya Juni. Che Guevara alihutubia kwa niaba ya Cuba. Katikati ya mkutano huo, tarehe 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Ndiyo maana katika tamko la nchi 77 la tarehe 15 Juni tumeandikwa kwa jina la mwanzo kabisa la Muungano, Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, tukiwa pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo. Kundi la 77 lilizaliwa hapo. Prebisch alikuwa amewaletea ripoti iliyokadiria kwamba kufikia 1970 nchi zinazoendelea zingepungukiwa karibu dola bilioni 20 za fedha za kigeni kwa mwaka, na kwamba misaada peke yake haingeziba pengo hilo.

Kusema hakuna kilichopatikana ni uongo. Kilipatikana chombo cha kudumu, ukapatikana upendeleo wa ushuru, na zikapatikana nchi zilizojifunza kukaa upande mmoja wa meza. Mwalimu Nyerere alipolihutubia kundi hilo Arusha, Februari 1979, alilifananisha na chama cha wafanyakazi cha maskini, na alikuwa akimaanisha: umoja kwanza, mengine baadaye.

Lakini nusu ya dai ni ya kweli, na sipendi kuifunika. Mradi mkubwa kabisa wa fikra za Prebisch ulipitishwa Nairobi, katika ukumbi wa Kenyatta, Mei 1976, alipokuwa ameshaondoka UNCTAD: mpango wa kutuliza bei za mazao 18 kwa kununua na kuhifadhi akiba, ukigharamiwa na mfuko mmoja wa pamoja. Mazungumzo ya mfuko huo yalikwisha 1980. Ulianza kufanya kazi rasmi 1989, ukiwa mdogo kiasi cha kutia huruma. Julai ya mwaka huohuo mgawo wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, na bei ya kahawa ikaanguka karibu nusu ndani ya muda mfupi. Wakulima wa Kilimanjaro, Bugisu na Nyeri hawakuhitaji mchumi wa kuwaeleza.

Upendeleo wa ushuru nao ulikuja na kasoro ambayo Prebisch aliiona na hakuweza kuizuia: ni hisani, si haki. Anayetoa huchagua bidhaa, na nguo nyingi ziliachwa nje mapema. Anayetoa pia hunyang'anya. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru wa kilo moja kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na vitisho vya kuondolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa upendeleo kwa Afrika ulioanza 2000, vikafuata. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Ukiweka mkasa huu kando ya mkataba wa nyama wa 1933, utaona ni mazungumzo ya aina moja.

Kwamba hana la kutufaa leo

Chukua buni. Umoja wa Ulaya hautozi ushuru kwa kahawa mbichi, na kiwango cha kawaida kwa iliyokaangwa ni asilimia 7.5. Hiyo ndiyo ngazi ya ushuru ambayo Prebisch aliilalamikia Geneva: ukileta ghafi karibu, ukiongeza thamani lipa. Ila Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazilipi hiyo 7.5, kwa kuwa tangu 2001 nchi maskini zaidi duniani zimefunguliwa mlango kwa karibu kila kitu isipokuwa silaha. Kenya nayo ina mkataba wake na Umoja wa Ulaya ulioanza Julai 2024. Ushuru umeondoka, na buni bado inapanda meli ikiwa mbichi.

Anayetetea kila neno la Prebisch hapa hana pa kushika. Kahawa iliyokaangwa hupoteza ladha haraka kuliko mbichi, kwa hiyo mkaangaji hupenda kuwa karibu na mnywaji. Anachanganya buni za nchi tano kwenye pakiti moja, ana jina linalojulikana, ana nafasi kwenye rafu za maduka makubwa. Ufunguo wa mlango huo hauko tena forodhani. Lakini anayesema Prebisch amekufa na hoja zake anapaswa kueleza kwa nini, baada ya ushuru kuondoka, sehemu kubwa ya bei ya kikombe bado inabaki kule kule alikosema itabaki.

Somo lake lenye faida zaidi kwetu linaweza kuwa lile lililomshinda. Eneo huria la Montevideo lilidumaa kwa sababu kila nchi ilitaka kuuza kwa jirani na hakuna aliyetaka kununua. Kila serikali ilikuwa na kiwanda chake cha kukilinda, na orodha ya bidhaa za kuachwa nje ikawa ndefu kuliko ya zilizoingizwa. Jumuiya yetu ya 1967 ilivunjika 1977, na ugomvi wa nani anapata viwanda ulikuwa miongoni mwa sababu. Sasa tuna umoja wa forodha tangu 2005, na mkataba wa biashara huria ya Afrika uliosainiwa Kigali mwaka 2018. Malori ya mahindi na maziwa bado yanasimamishwa mpakani kila msimu nchi mojawapo inapokasirika.

Ripoti ya Havana ya 1949 na ile ya Geneva ya 1964 ni nyaraka za Umoja wa Mataifa, na hazina kurasa nyingi za kumtisha msomaji. Wanaofundisha somo hili Dar es Salaam, Nairobi na Makerere wawape wanafunzi hizo zenyewe, pamoja na makala ya Ellsworth na ya Grilli na Yang, wabishane nazo darasani. Ule nusu ukurasa wauache.